HUKWE ZAWOSE: MZEE ALIKUWA NDANI YA KII, MIMI NDIYE NILIKUWA NJE

Leo nawaletea habari za mtu ambaye wengi wenu mmesikia jina lake tu, na wengine hata jina hamjalisikia: marehemu Mzee Hukwe Ubi Zawose, Mgogo wa Doyomisi, Dodoma. Alifariki tarehe 30 Desemba 2003, kwa hiyo wengi mnaosoma hapa mlikuwa bado hamjazaliwa au mlikuwa mnabebwa mgongoni.

Lakini kabla sijafika Dodoma naomba nianzie huku kwetu Bujora, maana kilichonipeleka kwa huyu mzee ni aibu niliyoipata mwenyewe. Soma taratibu. Najua dakika za kafe zinahesabika, ila hii ina faida, hasa kwa nyie mnaoimba kwaya, bendi, ngoma, au mnaoshika maiki kwenye harusi za watu.

AIBU YENYEWE

Kwa wasiopajua, Bujora iko Kisesa, ukitoka Mwanza mjini unashika barabara ya Musoma. Ndipo ilipo Makumbusho ya Wasukuma, iliyoanzishwa na padri mmoja Mkanada, David Clement, ambaye wazee wa huku wanamwita Fumbuka mpaka leo. Kila mwaka baada ya sikukuu ya Ekaristi kunakuwa na Bulabo, mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Bagika wanakuja na yao, Bagalu wanakuja na yao, vumbi linatimka, na watu ndio wanaoamua kwa miguu yao: ngoma ikikolea wanajaa kwako, ikipwaya wanahamia kwa mwenzako. Yaani hakuna jaji mkali kama yule.

Mimi nimekulia kwenye kelele hizo. Tangu mdogo nimeona wazee wakiinamisha ngoma karibu na moto wa nyasi kabla ya kucheza. Nilidhani ni mila tu, sikuwahi kuuliza kwa nini.

Basi bwana, baada ya kumaliza fomu foo sisi vijana tisa tukaunda kikundi cha kuimba. Tukapata kinanda cha kuazima, tukaanza mazoezi chumbani kwa mmoja wetu. Chumba kidogo, jioni, majirani wamelala, kwa hiyo tunaimba kwa sauti za chini tumekaa kitako. Tukaalikwa harusini. Wimbo tuliochagua ulikuwa wa kwaya moja kubwa, tukauchukua na kii yake ile ile kama ilivyo kwenye CD. Hakuna aliyejiuliza kama koo zetu na za wale waimbaji ni mamoja.

Siku ilipofika, ubeti wa kwanza tukaumudu. Kiitikio kikaja. Dada yetu anayeongoza akapanda, sauti ikakatika katikati ya neno. Tena wakaona bora washuke oktava nzima. Sisi besi tukashindwa kujua tumfuate nani, tukatua mahali katikati, hapa si pale. Kinanda kikabaki peke yake huko juu kama mtu aliyepanda mwembe halafu ngazi ikaondolewa. Watu wakaanza kucheka, na mshereheshaji kwa huruma yake akaomba tupigiwe makofi kabla wimbo haujaisha. Wadau, makofi yale yaliuma kuliko zomea zomea!

HAPO NDIPO NILIPOKUTANA NA MZEE

Kesho yake nikaenda kafe kutafuta namna ya kuchagua kii. Nikatazama video moja, ya pili, ya tatu, zote za Wazungu wakiwa na piano. Pembeni kwenye orodha ikatokea picha ya mzee amevaa njuga, ana marimba kubwa mkononi. Nikabonyeza.

Niseme ukweli, maana hapa hatudanganyani: nilivyosikia mara ya kwanza nilidhani mzee wa watu hajatuni marimba yake. Kulikuwa na noti moja kila ikipita inanikwaruza sikioni. Nikamwambia na rafiki yangu niliyekaa naye kwamba huyu yuko nje ya kii, sijui Wazungu walimpendea nini.

Lakini ile noti haikuniacha. Usiku nikachukua simu, nikafungua ile programu ya kutunia gitaa, nikaisikilizisha wimbo. Mshale ukawa kando kwa kila noti. Nikasema si nilijua! Halafu nikagundua kwamba hata do ya mzee haikuwa do ya kinanda, ilikuwa mahali pake mwenyewe. Nikairekebisha programu ianzie pale anapoanzia yeye, nikarudia. Sasa noti karibu zote zikatulia, isipokuwa ile moja. Ile ilikuwa chini ya ya kinanda, kila mara, kwa kiasi kile kile. Mwanzo wa wimbo, katikati, mwisho. Kwenye marimba na kwenye koo lake.

Hapo nikanyamaza. Mtu aliye nje ya kii hakosei mahali pamoja. Anakosea huku mara huku, leo juu kesho chini, kama tulivyofanya sisi harusini. Mtu anayerudi pale pale mara mia moja hajakosea, anajua anapokwenda. Ikabidi nimtafute huyu mzee ni nani hasa.

MTOTO WA DOYOMISI

Hukwe Zawose alizaliwa kijiji cha Doyomisi mkoani Dodoma, enzi za utawala wa Mwingereza. Alikua kama watoto wengi wa Kigogo, mchungaji wa ng'ombe, na muziki aliupata nyumbani kwa baba yake, ambaye naye alikuwa mwanamuziki. Ugogoni ni nchi kavu, mvua za kusubiri, na muziki uko kwenye kila shughuli: jando, harusi, mavuno, kuomba mvua. Wanawake wanapiga ngoma ya muheme wameibana miguuni. Watu wanaimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, mmoja anaanzisha wengine wanaitika, na hakuna aliyewapa karatasi ya noti.

Vyombo vyake vikubwa vilikuwa viwili. Kuna zeze, ambalo wengi mnalijua, linapigwa kwa upinde. Na kuna ilimba, marimba ya mkono: kisanduku cha mbao chenye vichuma vilivyopangwa juu, unavipiga kwa vidole gumba. Kwenye kisanduku kunakuwa na tundu linalofunikwa na utando mwembamba wa buibui, ndio unaoleta ule mkwaruzo mtamu kama nyuki wako kwa mbali. Malimba ya kawaida si makubwa sana. Mzee Zawose aliyakuza, akawa anapiga yenye vichuma zaidi ya 60!

Sasa sikia hapa, maana hiki ndicho kilichonishangaza kuliko vyote. Vichuma vyote hivyo havipigwi. Vingine vipo pale havigusiwi na kidole kabisa. Kazi yake ni kuitika. Ukipiga kichuma cha jirani kikatoa noti inayolingana na kile kisichoguswa, kile nacho kinatetemeka chenyewe na kuongeza sauti. Ila sharti ni moja: viwe vimelingana sawasawa. Ukikosea kidogo tu, kile kingine kinakaa kimya kama hakikuitwa.

Kwa hiyo mtu wa ilimba hawezi kudanganya. Akituni vibaya, chombo chenyewe kinamsusia.

ILE NOTI ILIYONIKWARUZA

Turudi kwenye ile noti. Nitaeleza kwa lugha ya kwaya, walimu wa muziki mnisamehe.

Chukua uzi mmoja uukaze, uupige. Unasikia sauti moja, lakini ndani yake kuna sauti nyingine ndogo ndogo zimepanda juu: ya mara 2, mara 3, mara 4, mara 5, na kuendelea. Ndiyo maana tarumbeta lisilo na vitufe, lile la skauti, linaweza kutoa noti kadhaa kwa kubana midomo tu. Hizo noti hazikutungwa na mtu, ziko kwenye sauti yenyewe tangu dunia iumbwe.

Wagogo wanachukua noti zao humo. Ngazi yao inafuata sauti ya 6, ya 7, ya 8, ya 9 na ya 10. Kwa solfa ni kama so, halafu kitu kinachokaribia ta, halafu do, re, mi. Sasa ile ya 7, ile inayokaribia ta, iko chini ya ta ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Hata mi yao iko chini kidogo ya mi ya kinanda.

Kinanda kwa upande wake kimegawanya oktava vipande 12 vilivyo sawa, ili uweze kupiga kii yoyote bila kutuni upya. Ni mpango mzuri, unarahisisha kazi, lakini ni mpango wa watu, walikubaliana. Hata ile A ya kutunia, mitetemo 440 kwa sekunde, ilikubaliwa kwenye mkutano wa London mwaka 1939. Kabla ya hapo Ulaya kulikuwa na viwango tofauti tofauti.

Kwa hiyo noti niliyosema haijatuniwa ilikuwa imetuniwa kwa kufuata sauti yenyewe. Masikio yangu ndiyo yalikuwa yamezoea kinanda cha kuazima. Wadau, niliona aibu ya pili, na hii ilikuwa kubwa kuliko ya harusini, maana safari hii nilimcheka mzee ambaye hakuwepo kunijibu.

KUTOKA KWENYE NG'OMBE HADI IKULU

Miaka ya 1960, nchi ikiwa imepata uhuru juzi juzi, habari za kijana huyu zilimfikia Mwalimu Nyerere, naye akaitwa Dar es Salaam. Wakati ule serikali ilitaka ngoma za makabila zisionekane za kishamba kama wakoloni walivyotufundisha, na ikakusanya wasanii kwenye kikundi cha taifa. Zawose akawa mmoja wao. Akawa anapiga mbele ya wageni wa serikali, na safari za nje zikaanza.

Fikiria mabadiliko yale. Kijijini unaimba na watu waliokua na wewe, wote masikio mamoja. Ukianzisha wimbo juu kidogo wanakufuata juu, ukianzisha chini wanakufuata chini, kii ni ya yule aliyeanzisha. Jukwaani Dar es Salaam umekaa na Mmakonde, Mzaramo, Msukuma, kila mmoja na chombo chake na ngazi yake.

Mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho toka 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mzee Zawose alifundisha pale, na Bagamoyo ikawa nyumbani kwake. Alihamia na ukoo, watoto, wapwa na wajukuu, nyumba ikawa darasa. Kundi lake la familia likaitwa Chibite, ambalo kwa Kigogo ni twende.

Sasa mtu wa Dodoma kuhamia pwani si jambo dogo kwa chombo chake. Dodoma hewa kavu, Bagamoyo hewa ya bahari. Ngozi ikinyonya unyevu inalegea, sauti inashuka. Mbao inavimba. Hapo ndipo nilipoelewa wale wazee wa Bujora na moto wao wa nyasi! Huku tuna ziwa, hewa ya asubuhi ina unyevu, ngozi ya ngoma inalala inalegea. Moto unaikausha, inakaza, sauti inapanda. Haikuwa mila ya kupendezesha macho. Wazee walikuwa wanatuni, bila programu ya simu.

ULAYA NA MAREKANI

Mwaka 1985 ikatoka London rekodi iitwayo Tanzania Yetu, ya Zawose na wenzake. Baadaye akaingia kwenye matamasha ya WOMAD, yale yaliyoanzishwa na mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel na wenzake, na mwaka 1996 kampuni ya Gabriel, Real World, ikatoa albamu ya Chibite. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zikafuata Mkuki wa Rocho, na Assembly aliyofanya na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada. Mwaka 2002 Zawose na mpwa wake Charles wakazunguka Marekani kwenye ziara ya Peter Gabriel, wakapiga kwenye kumbi kubwa kubwa. Mchunga ng'ombe wa Doyomisi huyo!

Kwa anayeimba jukwaani, jiulize swali hili: unakutana na mpiga gitaa, gitaa lake lina pau zilizofungwa kwa mpango wa kinanda, wewe una ilimba ya vichuma zaidi ya 60 iliyotuniwa kwa sauti ya Kigogo. Nani amfuate mwenzake? Gitaa ni nyuzi sita, unazungusha dakika moja umemaliza. Ilimba unatuni kichuma kimoja kimoja. Ukikivuta nje kinakuwa kirefu, sauti inashuka. Ukikigonga ndani kinafupika, sauti inapanda. Ni kazi ya kinyundo na subira. Na ukikibadilisha kimoja, vile vinavyoitika navyo lazima uvifuate, la sivyo vinanyamaza.

Halafu ndege, mizigo inatupwa tupwa, baridi ya Ulaya. Chombo kama kile huwezi kukitoa kwenye begi ukaingia nacho jukwaani moja kwa moja. Lazima ukisikilize kwanza.

Na hapa ndipo nilipoliona jambo lenyewe. Sikiliza rekodi zake, utaona sauti yake inatoka chini kabisa kwa mkwaruzo wa kooni, halafu inapanda mpaka nyembamba ya juu kabisa, na huko juu haihangaiki. Kwa nini? Koo alikuwa nalo, hilo halina ubishi. Lakini pia vyombo vyake alivitengeneza na kuvituni mwenyewe. Hakuna aliyemletea kii kutoka kwenye CD ya mtu. Ngazi ya ilimba ilikaa pale ambapo koo lake lilikuwa na nafasi ya kushuka na nafasi ya kupanda. Kii aliichagua kabla hata ya kufungua mdomo, siku ile anagonga vichuma.

Sisi tulifanya kinyume. Tulichukua kii ya watu wengine tukalazimisha koo zetu ziifuate.

MWISHO WA SAFARI

Mzee Zawose alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, akiwa na umri wa miaka sitini na kitu, mwaka mmoja tu baada ya ile ziara ya Marekani. Mwaka uliofuata, 2004, naye Charles akafariki. Ukoo ulipata pigo mara mbili mfululizo.

Lakini muziki haukuzikwa. Mwanawe Msafiri Zawose ameendelea na kazi, mwaka 2017 alitoa albamu ya Uhamiaji. Na mwaka 2024 ikatoka Maisha, ya Zawose Queens, yaani Pendo na Leah, wanawake wa ukoo ule ule. Zamani wanawake wa ukoo walikuwa nyuma wakiitikia na kupiga muheme, sasa wao ndio wanaanzisha. Sikilizeni ile noti ya 7 mle ndani. Bado ipo, pale pale alipoiacha mzee.

TULICHOFANYA SISI

Najua mnataka kujua kikundi chetu kiliishia wapi. Hatukufa! Tulikaa tukajipanga upya, na haya ndiyo tuliyobadilisha. Nayaandika kwa faida ya wengine.

Kwanza, tuliacha kuanza na kinanda. Dada anayeongoza anaimba wimbo mzima peke yake, amesimama, kwa sauti ya jukwaani siyo ya chumbani. Tunatafuta noti ya juu kabisa ya wimbo, tunahakikisha anaifikia bado akiwa na akiba. Halafu tunatazama noti ya chini kabisa kama besi bado wanasikika, maana besi wakishuka sana wanabaki kunguruma tu. Kii inapatikana katikati hapo. Wimbo ule uliotuua harusini tuliushusha nusu toni tatu. Tatu tu, wadau! Aibu yote ile ilikuwa ya nusu toni tatu.

Pili, mazoezi tunafanya nje, tumesimama, muda ule ule wa siku ambao tutaimba. Koo la asubuhi na la jioni si koo moja. Na ukiwa mbele ya watu moyo unakwenda mbio, bila kujua unaanza kupandisha. Asiye na chombo anapanda na wenzake na hakuna anayegundua. Ila ukiwa na kinanda, chenyewe hakipandi, kinakuumbua.

Tatu, tulipunguza kelele za kinanda. Tulikuwa tunakipandisha sauti mpaka hatusikiani. Huwezi kulingana na mtu usiyemsikia. Sasa tunasimama nusu duara, kila mmoja anamsikia wa kushoto na wa kulia. Yaani kama vile vichuma visivyoguswa: mwenzako akipiga, wewe uwe tayari kuitika.

Nne, tukifika ukumbini hatukimbilii chakula. Tunaimba mistari miwili mitatu nyuma ya jengo. Kama zege inarudisha mwangwi, tunajua tuimbe taratibu. Kama ni turubai, sauti inapotea, tunajua tusipige makelele kuifukuzia.

Tumeshaimba tena kwenye sherehe ya kipaimara, huku huku Kisesa. Hakuna aliyecheka. Bibi yangu alikuwepo, na baadaye aliniambia kwamba safari hii tumeimba kama watu wanaokaa nyumbani, siyo kama watu wanaofukuzwa. Kwangu mimi hiyo ni tuzo tosha.

ILA KUNA JAMBO LINANISUMBUA

Namalizia na hili, nalo ndilo lililonifanya niandike.

Nilimcheka Mzee Zawose kwa sababu nimelelewa na kinanda. Nina programu kwenye simu inayoniambia kijani ni sawa na nyekundu ni kosa, na kwa hiyo programu mzee aliyetuni vichuma zaidi ya 60 mpaka vikaitikiana vyenyewe anaonekana nyekundu. Sasa fikiria mtoto wa Dodoma leo. Anaimba kwaya na kinanda, studio wanamnyoosha sauti kwa kompyuta ikae kwenye vile vipande 12. Siku akimsikia bibi yake anaimba ile noti ya 7, atasema bibi yuko nje ya kii. Akisema hivyo mara moja, mbele ya watu, bibi hataimba tena. Noti inapotea hivyo hivyo, bila mtu kuipiga marufuku.

Na huku kwetu je? Kwenye Bulabo nasikia waanzilishi wa nyimbo ambao hawajawahi kugusa kinanda, na watu mamia wanaitika bila kukwama. Nimeishi humo miaka yote na sijawahi kusikiliza wanaanzia wapi na wanatua wapi. Mwaka huu nitakwenda na daftari, nitakaa karibu na ule moto wa ngoma, nitauliza maswali ambayo nilipaswa kuuliza nikiwa na miaka saba. Programu ya simu nitaizima kwanza. Nitaiwasha baadaye, baada ya masikio kumaliza kazi yao.

Kinanda hatujakiacha, tunakipenda, harusi zinatulipa. Ila sasa najua kii ni kitu unachokitafuta kwanza kwenye koo la mtu, halafu chombo ndicho kinafuata.

Haya wadau, uwanja ni wenu hapo chini. Wewe kwenye kwaya au bendi yenu mnachaguaje kii, na nani anaamua? Wagogo mliopo humu, kama nimekosea lolote kuhusu ilimba nisahihisheni bila huruma. Na kama una mzee nyumbani anayetuni ngoma, zeze au litungu, kabla hujafunga huu ukurasa panga siku ya kwenda kumuuliza anasikiliza nini.

Mungu amlaze mahali pema Mzee Hukwe Ubi Zawose. Alamsiki!